Watoto wetu Marekani wanajua kubonyeza kifua. Sisi je?

Nilikuwa Columbus, Ohio, kwa mtoto wa ndugu yangu. Binti yake wa miaka kumi na tano akarudi kutoka skuli, akatupa mkoba, akachukua mto wa kochi akauweka juu ya zulia, akapiga magoti. Nikadhani anataka kuswali. Kumbe akaweka kiganja juu ya kiganja, akaanza kuubonyeza ule mto kwa nguvu huku akihesabu kwa Kiingereza. Alipofika thelathini akasita, akaniangalia.

"Babu, mama anasema wewe ulikuwa mwalimu wa bailojia. Na nyinyi mlikuwa mkifundisha hivi?"

Nikamwambia, "Hapana, mjukuu wangu." Yeye akarudi kwenye mto wake. Mimi swali lile halijaniacha.

Nimesomesha bailojia miaka thelathini na moja katika shule ya sekondari ya misheni, pwani ya Kenya. Naam, Mwarabu na kofia yake katika skuli ya mapadri, na tulielewana vizuri. Ramadhani ikiingia wao ndio waliokuwa wakinipunguzia vipindi vya mchana. Kila mwaka kidato cha pili nilifundisha moyo. Nilinunua moyo wa mbuzi buchani, nikaupasua juu ya meza ya maabara, nikawaonyesha vyumba vinne, vali na mshipa mkubwa unaotoka juu. Wanafunzi waliuchora vizuri mno, kwa penseli, na mishale ya damu inayoingia na inayotoka. Wengine leo ni madaktari. Lakini kwa miaka yote hiyo sikumfundisha mtoto hata mmoja afanye nini moyo huo ukisimama mbele yake. Haikuwamo katika mtaala, nami sikuuliza kwa nini haimo.

Nilikuja kuuliza nikiwa nimeshastaafu, usiku mmoja hapa Maskati, tulipokusanyika kwa ajili ya posa. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa amekaa nasi kwenye sinia. Akaegemea mto kama mtu aliyeshiba, macho yakaganda. Tulikuwa watu kama thelathini ndani ya nyumba ile. Mmoja akammwagia maji usoni. Mwengine akamsugua nyayo. Yupo aliyeleta kitunguu akamnusisha, na yupo aliyejaribu kumtia kijiko baina ya meno. Wazee wakaanza Yasin. Mimi, mwalimu wa moyo, nilimshika mkono nikitafuta mapigo, na nikawaambia watu nimeyapata. Leo nadhani mapigo niliyoyasikia yalikuwa yangu mwenyewe.

Alikuwa akikoroma mara moja moja. Tukasema alhamdulillahi, anapumua. Tukambeba kwa blanketi, tukamlaza kiti cha nyuma, na gari likaenda mbio. Daktari aliyetupokea alituuliza jambo moja tu: nani alikuwa akimbonyeza kifua, na tangu saa ngapi? Tukatazamana.

Sisemi angeishi. Siku ya mtu iko kwa Mola wake. Lakini imani hiyo haituzuii kumeza dawa za presha wala kufunga mkanda wa gari, na sidhani iliwekwa iwe kisingizio cha mikono kukaa bure.

Basi safari ile ya Marekani niliifanya na jambo hili moyoni. Ndugu zangu wametawanyika katika miji mitatu: Columbus, Louisville na Buffalo. Ni miji inayosikia Kiswahili kila siku. Louisville na Buffalo wamo Wakongomani wengi waliokuja kama wakimbizi, na Columbus wamejaa Wasomali, wakiwamo waliokulia Kenya. Miji hii mitatu, bila ya mimi kujua kabla, yote ina historia kubwa katika tiba ya moyo.

Buffalo ndiko alikokuwa mhandisi Wilson Greatbatch. Katika miaka ya 1950 alikuwa akitengeneza kifaa cha kurekodi sauti ya moyo, akachomeka kijisehemu kisicho sahihi, na kile kifaa kikaanza kutoa mpigo wa umeme, kimya, mpigo, kimya, kama moyo wenyewe. Kosa lile ndilo lililozaa kifaa cha kuendesha mapigo kinachowekwa ndani ya mwili, na mwaka 1960 madaktari wa Buffalo wakamwekea mgonjwa. Wazee wetu wangapi hapa Ghuba wanatembea leo na kidude kama hicho chini ya ngozi? Columbus, mwaka 1969, chuo kikuu cha Ohio State kilitoa gari lililoitwa Heartmobile, miongoni mwa magari ya kwanza Marekani kupeleka tiba ya moyo mpaka mlangoni kwa mgonjwa badala ya kumsubiri afike hospitali. Na Louisville, mji tunaoujua zaidi kwa Muhammad Ali, mwaka 1984 mtu aliwekewa moyo wa bandia akaishi nao siku 620, na mwaka 2001 mwengine akawekewa moyo wa bandia uliokaa wote ndani ya mwili.

Nilipokuwa nikisikia haya nilisema, hawa wenzetu wameshaumaliza moyo. Sivyo. Huko huko Marekani watu zaidi ya 350,000 kila mwaka moyo huwasimama nje ya hospitali, na anayenusurika ni kama mmoja katika kumi. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi, na kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kuishi kwa asilimia saba mpaka kumi. Gari la wagonjwa hata likiwa zuri namna gani haliko sebuleni kwako. Na sebuleni ndiko hasa yanakotokea: katika kila kumi, kama saba huanguka nyumbani. Mashine zote za miji ile mitatu humfaa yule aliyefika akiwa bado ana ubongo wa kuokoa.

Mwaka ule ule wa 1960, wahandisi na daktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha jambo dogo zaidi kuliko mashine: kwamba kifua kikibonyezwa kwa mikono, bila kukipasua, damu huendelea kuzunguka. Hilo halina betri wala bei.

Kutoka Columbus kwenda Louisville unapita Cincinnati, na ukikaribia daraja la mto Ohio uwanja wa mpira unauona. Mtoto wa ndugu yangu akapunguza mwendo, akasema, "Ami, pale ndipo alipoanguka yule kijana wa Buffalo." Wengi wenu mliiona video. Tarehe 2 Januari 2023, Damar Hamlin, mchezaji wa Buffalo Bills mwenye miaka 24, aligongwa kifuani, akasimama, akapiga hatua mbili, akaanguka chali. Moyo umesimama. Mtu wa kwanza kukumbukwa usiku ule hakuwa bingwa wa moyo. Ni Denny Kellington, msaidizi wa timu anayehudumia wachezaji, aliyepiga magoti kwenye nyasi akaanza kubonyeza. Akashtuliwa kwa mashine pale pale uwanjani. Tarehe 11 Januari kijana akatoka hospitali Buffalo akaenda kwao, na msimu uliofuata akacheza tena.

Mtasema, yule ana timu nzima ya matabibu pembeni. Kweli. Lakini nilipofika Buffalo mke wa mpwa wangu alinihadithia habari nyengine, ya wiki moja tu kabla ya hiyo. Krismasi ya 2022 ilipiga dhoruba ya theluji, mji ukafungika, magari ya wagonjwa na ya zimamoto yakakwama barabarani. Watu zaidi ya arobaini walikufa katika kaunti ile, wakiwamo walioanguka kwa moyo wakiondoa theluji na wale ambao msaada haukuweza kuwafikia. "Tulikaa ndani siku nne," akaniambia, "na mama mkwe na presha yake. Nilijiuliza, likitokea jambo, katika nyumba hii nani anajua kitu?" Akajibu mwenyewe: mwanawe wa sekondari. Kentucky, Ohio na New York zote zinataka mwanafunzi wa sekondari afundishwe kubonyeza kifua kabla hajamaliza. Ndiyo maana mjukuu wangu alikuwa na mto wake juu ya zulia. Kazi ya nyumbani.

Sasa niieleze kazi yenyewe, kama ninavyoifundisha siku hizi.

Mtu ameanguka. Mpige mabegani, mwite kwa sauti kubwa. Haitikii? Tazama kifua kama kinapanda na kushuka. Na hapa ndipo tulipokosea sisi: kule kukoroma, kutweta mara moja kisha kimya, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Moyo uliosimama huweza kutoa sauti hizo kwa dakika kadhaa. Usitafute mapigo mkononi, utajidanganya kama nilivyojidanganya. Haitikii na hapumui sawasawa, basi kazi imeanza.

Mtu mmoja apige simu na kuiweka kwenye spika: Oman 9999, Imarati 998, Saudia 997, Qatar na Bahrain 999, Kuwait 112, Marekani 911. Ukiwa Marekani na Kiingereza kimekupotea kwa hofu, sema neno "Swahili". Vituo vingi vina wakalimani wa simu, na anayepokea atakuelekeza mpaka gari lifike. Mwengine atumwe akalete mashine ya kushtua moyo, ikiwa mpo dukani au uwanja wa ndege. Mashine hiyo ukiiwasha inasema yenyewe la kufanya, na haimshtui mtu ambaye hahitaji.

Wewe mlaze chali mahali pagumu. Si kitandani, si kwenye godoro, si kiti cha gari. Weka sehemu ngumu ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono, katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, mabega yako juu ya mikono. Bonyeza kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza kiache kifua kirudi juu chote. Ni kasi ya mtu anayetembea kwa haraka, hata kidogo zaidi. Utasikia mfupa ukilia. Endelea, mbavu hupona. Ukichoka, baada ya dakika mbili apokee mwengine. Aliyefunzwa huchanganya mabonyezo 30 na pumzi mbili. Asiyefunzwa na abonyeze tu asiache.

Ila kwa mtoto mdogo, na kwa aliyezama, pumzi ni muhimu sana, maana hao tatizo lao limeanza na hewa. Hili nalisema kwa sababu yetu sisi watu wa wadi, bahari na mabwawa ya kuogelea ya nyumba za kukodi siku za wikendi. Mtoto aliyetolewa majini hageuzwi kichwa chini miguu juu, wala habonyezwi tumbo kutoa maji. Huo ni wakati unaopotea. Mpe pumzi, mbonyeze kifua. Na pumzi hazisomeki gazetini. Lazima mtu akafundishwe kwa mkono.

Hayo mengine ni mepesi. Kinachotushinda ni kuthubutu.

Columbus hiyo hiyo, watafiti walikaa na wakazi wa mitaa ambayo moyo husimama sana na wasaidizi ni wachache, wakawauliza kwa nini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Watu walitaja gharama za mafunzo, kutojua wapi pa kujifunza, hofu ya kukosea, hofu ya kushitakiwa. Niliposoma nikacheka peke yangu, maana ni maneno ya barazani kwetu kabisa. "Yakhe, usimguse, utaingia kesi." Mtu ambaye moyo wake umesimama ameshakuwa katika hali mbaya kuliko zote. Huna cha kumharibia.

Kisha iko haya. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wanaume wanaoanguka hadharani hubonyezwa kifua kwa asilimia 45, wanawake 39. Nyumbani, mbele ya watu wao, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo hata Wamarekani, watu tunaowaona hawana haya, mikono inawasita mbele ya kifua cha mwanamke mgeni. Kwetu itakuwaje? Mwanamke na abaya yake ameanguka Lulu, baina ya mafuta na mchele, wanaume ishirini wamemzunguka, kila mmoja anatafuta mahrim.

Jamani, mimi si sheikh. Lakini kila aliyekaa darsa anaijua kanuni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na aya ya 32 ya Suratul-Maida kila mtu anaijua inasema nini juu ya anayeihuisha nafsi moja. Nilimuuliza imamu wetu, akanishangaa kwamba nauliza. Kubonyeza hufanywa juu ya nguo, abaya haivuliwi. Mashine tu ndiyo pedi zake lazima ziguse ngozi. Hapo wanawake wasimame na mitandio yao wafanye pazia, kazi iendelee. Na kama bado roho inakusumbua, basi mke wako na binti zako wawe wa kwanza kufundishwa, ili yule dada wa Lulu asisubiri wanaume wamalize kuulizana.

Kuna mtu mwengine tunayemsahau. Saa nne ya asubuhi, sote tumekwenda kazini na skuli, bibi yuko nyumbani na nani? Na dada wa kazi, kutoka Kenya, Uganda au Tanzania. Tumemfundisha kupika biriani tunavyoitaka, kupiga pasi dishdasha, kujua dawa za bibi ni saa ngapi. Hatujamfundisha la kufanya bibi akianguka. Katika nyumba nyengine hana hata ruhusa ya kupiga simu, na nambari ya nyumba haijui. Simu yake ya kwanza itakuwa kwa mama mwenye nyumba, aliye kazini kwenye mkutano, simu imezimwa sauti. Dakika nne zimekwisha hapo. Mwandikeni nambari ya dharura ukutani jikoni, na jina la mtaa, na nambari ya njia na ya nyumba, na mwambieni mbele ya watu wote: ukiona hivi, usitupigie sisi, piga hii kwanza.

Nilipoondoka Buffalo nilipitia dukani kwa kina mama wa Kikongo, West Side, kununua zawadi. Muuzaji akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu ninarudi na nini Arabuni. Nikamwambia, na somo la mtoto wa skuli. Akadhani ni mzaha.

Nimerudi Maskati. Nilimwandikia mkuu wa skuli yangu ya zamani, na amenipa Jumamosi moja nitakapokwenda likizo. Muuguzi wa hapo atafundisha, mimi nitashika mto. Hapa nyumbani tulianza Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana. Tulimwalika kijana wetu mmoja wa jamaa ambaye ni muuguzi, akaja na sanamu la mazoezi. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye zulia. Mimi nilifika mabonyezo arobaini pumzi zikaniishia, na wajukuu wakanicheka. Dada yangu, mjane wa yule shemeji, alikuwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya magoti yake, hasemi kitu. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka, alikuwa akituhesabia, moja mpaka thelathini, kwa sauti. Zamu ya dada wa kazi ilipofika alibonyeza dakika mbili kamili, kifua kinashuka na kurudi vizuri kuliko wote, na muuguzi akamuuliza alijifunza wapi. Akasema hajajifunza popote, ila kwao alikuwa akitwanga.

Dada yangu akamwambia, "Rudia tena, mwanangu, nikuone." Akarudia.